UZI: Miradi ya mashirika huku Kanda ya Ziwa, tuulizane nani ameshika daftari la majina

#1 Mleta uzi

Wanajukwaa, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, nivumilieni.

Nimefanya kazi kwenye miradi ya mashirika ya nje hapa Mwanza kwa miaka 11, kuanzia mkusanya takwimu wa kulipwa kwa siku mpaka afisa mradi. Ilemela, Magu, Sengerema, Ukerewe, kote huko nimelala. Kazi niliiacha mwenyewe. Shirika ninalolisimulia sitalitaja, wala mwalo (ufukwe wa kushushia samaki), wala mtu, kwa sababu mama ninayemzungumzia bado anaishi palepale na majirani zake wana simu.

Mradi ulikuwa wa kinamama wanaochakata dagaa. Kila mmoja apate mtaji wa laki tatu, pamoja na mbao na nyavu za kutengenezea chanja, ili dagaa wasianikwe tena mchangani. Nafasi zilikuwa 60. Wenye sifa pale mwaloni walizidi 200. Kwenye andiko la mradi tuliandika kwamba jamii yenyewe itachagua wanufaika kwa njia shirikishi. Sentensi hiyo nimeiandika mimi, tena kwenye maandiko mengi. Ukifika mwaloni, "jamii" ilikuwa kijana mmoja: mwezeshaji wetu, mwenye pikipiki ya mradi, fulana ya nembo yetu na kaunta buku lenye jalada jekundu. Majina aliyaandika kwa penseli. Niliiona hiyo penseli siku ya kwanza na sikujiuliza kitu.

Siku ninayoisema zilikuwa siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani. Mama mmoja alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anapepeta dagaa waliobaki wa giza lililopita, mchanga unamdondokea miguuni. Nikachuchumaa nimsaidie kuchambua. Akaniuliza bila kuinua uso: "Mwanangu, jina linaandikwa kwa shilingi ngapi?"

Nikamwambia mama, haliandikwi kwa hela, ni bure.

"Hela ningeuza hata ndoo hizi mbili nikampa. Huyu hataki hela." Akaendelea kupepeta.

Alikuwa mjane, watoto wanne. Aliandikwa, akafuatwa nyumbani usiku, akakataa, akafutwa. Akaandikwa tena, akafuatwa tena, akafutwa tena. Kesho yake niliomba daftari kwa kisingizio cha kuhakiki. Nikaukuta mstari wenyewe, namba 41. Karatasi imekwanguka kwa kufutwa mpaka imekuwa nyembamba, na juu yake kuna jina la mtu mwingine. Nilipitisha kidole kwenye kurasa zile. Mistari ya namna hiyo haikuwa mmoja.

Mtasema mbona hakutumia sanduku la maoni. Tulikuwa nalo, la bluu, lenye kufuli, na kwenye ripoti kwa mfadhili tulilipiga picha. Lilikuwa limetundikwa ndani ya ofisi yetu ndogo, nyuma ya geti, unamsalimia mlinzi ndipo upite. Ufunguo wake ulikuwa kwenye mkungu mmoja na ufunguo wa pikipiki. Ya yule kijana. Na mama mwenyewe hajui kuandika.

Nikapeleka taarifa kwa mkubwa wangu. Swali la kwanza kuniuliza lilikuwa, "Huyo mama yumo kwenye orodha?" Nikasema hayumo, amefutwa. "Basi si mnufaika wetu. Hilo ni suala la kijiji." Wageni wa mfadhili walikuwa wanatua mwezi unaofuata. Mwisho wake, mkataba wa kijana haukuhuishwa, na ili aondoke bila kelele aliombewa barua nzuri. Barua ile niliichapa mimi. Mwaminifu, mchapakazi, anaheshimika na jamii, ameondoka kwa sababu mradi umepunguza watumishi. Mkubwa akasaini, mimi nikagonga muhuri.

Miezi minane baadaye nilikuwa kwenye kivuko cha Kigongo–Busisi, daraja bado halijafunguliwa, nikamwona. Fulana ya shirika jingine, daftari jipya kwapani. Safari hii mradi ulikuwa wa watoto yatima. Alinisalimia kwa heshima akanishukuru kwa ile barua.

Februari 2018 gazeti la The Times la Uingereza lilipofichua ya shirika la misaada la Oxfam kule Haiti, nilisoma habari ile mara tatu. Tetemeko la ardhi la Haiti lilikuwa la Januari 2010. Mwaka 2011 shirika lilichunguza watumishi wake wa huko kwa tuhuma za kununua ngono na makosa mengine. Wanne wakafukuzwa, watatu wakaruhusiwa kujiuzulu, akiwemo mkurugenzi wa nchi mwenyewe. Mwaka uliofuata akaajiriwa na shirika jingine la misaada huko Bangladesh, ambalo baadaye lilisema halikuambiwa kilichotokea Haiti. Juni 2018 serikali ya Haiti ikaifutia Oxfam ya Uingereza kibali cha kufanya kazi nchini humo. Watu walishangaa ukubwa wa jina la shirika. Mimi nilikwama kwenye ile safari ya kutoka Haiti kwenda Bangladesh, kwa sababu njia hiyo naifahamu. Yangu ilikuwa fupi tu, ya kuvuka ghuba.

Nauliza wenzangu mliofanya kazi hizi, na ninyi mlioandikishwa au kuachwa: kwenu daftari linashikwa na nani?

#2 Mdau wa Nyakato

Dada pole kwa hayo, na heshima kwa kusema. Ila tuwe wakweli. ARV (dawa za UKIMWI) zilizowaokoa ndugu zetu, visima, madarasa, sehemu kubwa ya vitu hivyo vilipitia mikononi mwa hawa wafadhili. Mkianza kuwaanika mitandaoni mtu anafunga begi anaenda nchi nyingine, na huyo mama anakosa hata nafasi ya kufutwa. Halafu ngono mwaloni haikuletwa na shirika. Mwanamke anayetaka samaki wa kuuza na hana mtaji, kila mtu anajua anachoombwa na mwenye mtumbwi. Mnawaonea mashirika.

#3 Mzee aliyekuwa Ngara

Mabinti zangu na wanangu, mimi nilikuwa dereva wa lori Ngara mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili walivuka mpaka wa Rusumo wakimbizi wa Rwanda karibu 250,000 ndani ya saa 24. Kambi yao ya Benaco ikawa mji. Vyakula, mahema, wageni, vyote vilikuwa vinapitia huku kwenu Mwanza kwa reli na kwa ndege.

Suala la daftari ni la kweli na si la leo. Pale Benaco, kwa kuwa watu walikuwa wengi na wageni hawamjui mtu, walisema viongozi wa wakimbizi wenyewe waandike watu wao na wagawe. Viongozi hao walikuwa ni walewale wa wilaya zao za Rwanda, na baadhi walikuwa wametoka kuua. Wakaandika majina ya hewa. Chakula cha majina ya hewa kikawa nguvu yao. Mjane asiyewatii alikuwa anatazama gunia linampita. Baadaye tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka likajitoa kambini, likasema haliwezi kuendelea kuwalisha wauaji. Wengine walibaki, wakisema ukiondoka mtoto anakufa. Nilisikia hoja za pande zote mbili zikibishaniwa ndani ya gari langu, na mpaka leo sijui ningechagua upande upi.

Ila penseli hiyo, binti yangu, naijua.

#4 Mleta uzi

Shikamoo mzee. Asante sana. Hilo la majina ya hewa ndilo nililokuwa nalitafuta bila kulijua.

Mdau wa Nyakato, nakujibu kwa heshima zote, kwa sababu hoja yako niliisikia ofisini miaka 11 na mimi mwenyewe niliwahi kuitoa.

Umesema ngono kwa samaki ipo tangu zamani. Ipo. Ndiyo maana mradi ule ulikuwepo! Laki tatu zilikuwa za kumwezesha mama anunue dagaa kwa hela yake, asimbembeleze mwenye mtumbwi. Sasa mlango wa kumtoa huko umekaliwa na mtu mwenye fulana yetu, anadai kilekile alichokuwa anakikimbia. Mvuvi angalau samaki ni wake. Huyu alikuwa anauza kitu cha bure, kilicholipiwa na watu wengine kwa ajili ya huyo mama.

La wafadhili kukimbia. Kanuni za kuwakataza watumishi wa misaada mambo haya hazikuletwa na waandishi wa mitandaoni, zililetwa na aibu. Mwaka 2002 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na Save the Children ya Uingereza walitoa ripoti juu ya kambi za Liberia, Guinea na Sierra Leone. Mabinti walieleza jinsi watumishi wa misaada walivyowataka kimwili ili wapate unga, mafuta, turubai. Walitajwa watu 67 wa mashirika takribani 40. Mwaka huohuo mashirika yakakubaliana kanuni sita za msingi, na Oktoba 2003 Katibu Mkuu Kofi Annan akatoa waraka unaowabana watumishi wote wa Umoja wa Mataifa. Humo imeandikwa waziwazi kwamba kutoa fedha, ajira, bidhaa au huduma kwa kubadilishana na ngono ni marufuku, na msaada ambao mtu anastahili umo. Anayeshuku mwenzake anafanya hivyo ana wajibu wa kutoa taarifa. Mimi kanuni hizo nilizisaini siku naajiriwa, karatasi ya tatu kwenye faili, katikati ya fomu ya bima na fomu ya akaunti ya benki.

Kwa hiyo karatasi zipo, tena nzuri. Tatizo ninalolisema ni kwamba zinaishia ghorofani. Yule mama hakuwahi kuambiwa hata siku moja kuwa kijana yule alikuwa amekatazwa. Alidhani ndiyo bei.

Na hili la "si mnufaika wetu" naomba mlione vizuri. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, huko Kongo (DRC), 2018 hadi 2020, wanawake wa Beni na Butembo, watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, walisema waliahidiwa kazi kwa sharti la kulala na wanaume wa kikosi cha kupambana na ugonjwa. Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ikaripoti watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilohilo. Mkurugenzi Mkuu aliomba radhi. Katika shauri moja la huko ikaibuka hoja kwamba mwanamke mlalamikaji si mlengwa, kwa kuwa hakuwa amepokea msaada wa shirika, kwa hiyo kanuni haimhusu. Niliposoma hapo nilifunga simu. Yalikuwa maneno ya mkubwa wangu. Ukishamfuta mtu kwenye orodha, kufutwa kwake kunageuka kuwa ushahidi kwamba hakuhusu.

#5 Kijana wa Igombe

Mleta uzi swali dogo. Kuna jamaa wa mradi fulani huku ana uhusiano na binti wa miaka 17, wazazi wanajua na wanasema wataoana. Kwa mila hakuna tatizo. Hapo kanuni zinasemaje?

#6 Mleta uzi

Zinasema hapana. Kwa mtumishi wa misaada, chini ya miaka 18 ni mtoto, bila kujali sheria au mila ya mahali, na "nilidhani amefikisha" haipokelewi kama utetezi. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 nayo inasema mtoto ni chini ya miaka 18. Najua watu wanakimbilia Sheria ya Ndoa ya 1971, inayoruhusu binti wa miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Vifungu hivyo Mahakama Kuu ilivitangaza kuwa kinyume na Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikakazia hukumu hiyo mwaka 2019. Na hata usingejali sheria, jiulize ridhaa ya wazazi hao ina uhuru gani kama jina lao limo kwenye daftari la huyo mkwe.

Toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, au dawati la jinsia na watoto polisi. Ukiogopa kuonekana, piga 116. Ni namba ya watoto, ni bure.

#7 Mkusanya takwimu

Dada naandika huku natetemeka. Sisi mabinti wa posho nani anatulinda? Kiongozi wa timu ndiye anapanga nani aende visiwani, nani alale gesti ipi, nani aitwe tena awamu ijayo. Mwaka juzi nilikataa kufungua mlango usiku. Asubuhi fomu zangu zote zilikuwa "zina makosa". Sijaitwa tena. Hakuna mkataba nilionao zaidi ya karatasi ya kusaini posho.

#8 Mleta uzi

Mdogo wangu, pole sana. Hukukosea chochote.

Kwako kuna sheria inayogusa moja kwa moja. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inamhusu mtu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, kupandisha cheo au kutoa upendeleo wowote. Hiyo ni rushwa ya ngono, na TAKUKURU wana namba 113. Kama ulibakiwa na ujumbe wa simu, usiufute. Andika tarehe, jina la gesti, nani mlikuwa naye, hata kama ni mwaka juzi. Kuna pia Sheria ya Ulinzi kwa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Niandikie inboksi kama unataka mtu wa kukusindikiza, nitakuja. Sisemi tu.

Kwa wengine: mwaka 2019 mashirika yalianzisha mpango wa kuulizana kabla ya kuajiri. Mwajiri mpya anaiuliza ofisi ya zamani, kwa miaka mitano ya nyuma, kama mtu amewahi kukutwa na kosa la unyanyasaji wa kingono. Mpango mzuri, na laiti ungekuwepo nikiwa nagonga ule muhuri. Lakini kujiunga ni hiari ya shirika, na wanaoulizwa habari zao ni wenye ajira. Kiongozi wa timu anayelipwa kwa wiki na mwezeshaji wa pikipiki huchukuliwa kwa barua na kwa kufahamiana. Hao ndio wanaolala kijijini.

#9 Mdau wa Ukerewe

Nachangia tulichofanya kwetu kisiwani, mradi wa chanja kama huo. Baada ya malalamiko, kinamama walikataa daftari. Wakasema majina yasomwe mkutanoni kama TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wanavyosoma kwenye mkutano wa kijiji. Tukapanga mkutano siku za mbalamwezi ili na wanaume wasiwe ziwani. Majina yakasomwa kwa sauti mbele ya mtendaji, moja moja, na kila jina watu wanaulizwa kama kuna aliyeachwa mwenye shida kuliko huyu. Ilichukua saa tano. Majina saba yalitolewa, mawili yalikuwa ya watu wanaoishi Mwanza mjini! Orodha ikaandikwa kwa kalamu ya wino, nakala ikabandikwa ofisi ya kijiji, nyingine kwa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi pale mwaloni.

La malalamiko tuliwauliza kinamama wenyewe, mngependa kumwambia nani? Hakuna aliyetaja sanduku. Walitaja mama mmoja mkunga mstaafu. Shirika likakubali awe ndiye mpokeaji, akapewa namba ya simu ya ofisi ya Dar es Salaam moja kwa moja, bila kupitia kwa afisa wa hapa. Alipiga mara mbili kwa mwaka ule. Mara zote mbili mtu alikuja.

Changamoto haikukosekana. Kusoma majina hadharani kuna watu kunawaumiza. Mwenye maradhi hataki shida yake itajwe mbele ya kijiji. Hao tuliwaacha kwa mkunga na muuguzi wa zahanati, na nakiri hapo napo ni kalamu ya mtu mmoja au wawili.

#10 Mleta uzi

Saa tano. Sisi ratiba ya mradi ilitupa nusu saa kwa kila mwalo kwa ajili ya "uhakiki wa wanufaika", na bajeti ya soda.

Hiyo ya kuwauliza kinamama wamwambie nani, sijui kwa nini sikuwahi kuifikiria. Tuliamua sanduku tukiwa Mwanza mjini, tukalinunua Makoroboi, tukampa kijana alipeleke.

#11 Mdau wa Nyakato

Nimesoma mpaka hapa. Nimerudi kusoma #7 mara mbili, nina binti anafanya kazi kama hiyo. Narudisha maneno yangu ya "nafasi ya kufutwa", samahanini. Dada, yule mama aliishia wapi?

#12 Mleta uzi

Mtaji hakupata. Nilipendekeza arudishwe kwenye orodha, nikaambiwa orodha imeshasainiwa. Mradi ulifungwa Juni, ripoti ya mwisho ikasema wanufaika 60 kati ya 60.

Mwaka jana nilimkuta Mwaloni Kirumba, ameleta magunia mawili ya dagaa, anapatana bei na wachuuzi. Amekonda kidogo ila sauti ni ileile. Tukasalimiana, akanipimia sado moja akakataa hela yangu. Nikamwomba msamaha pale pale, kwa ile barua na kwa muhuri. Nadhani barua hakuielewa, hakuwa anajua kama iliandikwa.

Akanitazama begi, akaniuliza kama nimekuja kuandika majina tena.